Ufunguo wa Delmiro

Wiki ya kwanza niliuliza bili ya maji inaletwa lini.
Obdulia aliweka chini kikapu cha viazi, akanitazama
kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua.
"Bili? Nani anakudai?
Utatoa siku mbili za jembe mwezi wa tatu
na yuro kumi na tano za mabomba, ukiwa nazo."

Mimi mtu wa ghorofa ya sita.
Kule maji yalikuwa ya kampuni yenye nembo ya tone la buluu,
na simu iliyonipigia muziki nisubiri.
Nilikunywa miaka thelathini
bila kujua ni mto gani unaonipita kooni.

Hapa Vilarmeán nyumba ni kumi na tisa, zinazofuka moshi ni saba.
Maji yanatoka juu ya msitu wa mikalitusi,
katika tundu la jiwe lisilotosha kumficha kondoo.
Wanaliita Fonte da Loba, Chemchemi ya Mbwamwitu,
ingawa mbwamwitu hawaendi tena, na njia yenyewe imemezwa na miiba.
Mwaka wa sitini na nane wanaume kumi na wanne
walichimba mtaro kwa sururu,
wanawake wakapandisha mchanga kwa vichwa,
na hakuna aliyechora ramani.

Ramani ni goti la Delmiro.
Goti lile linajua bomba linapokata kona kulikwepa jabali,
linapozama chini ya mizabibu ya marehemu Sira
ambaye hakukubali, kisha akakubali, kisha akanuna hadi kufa.
Delmiro ana ufunguo wa koki kuu,
chuma kirefu kama mtoto wa darasa la nne.
Kiangazi hufunga usiku, hufungua alfajiri.
Hana mshahara, hana kofia yenye nembo.
Ukimshukuru, anakasirika.

Agosti bomba likakauka.
Delmiro alikuwa kitandani na nyonga mpya.
Kampuni ikamtuma kijana, Xián, mpole, viatu safi:
mita kila nyumba, klorini, mkataba wa miaka ishirini.
Tulikaa katika shule isiyo na watoto,
magoti yakigonga madawati.
Wanaotaka, mkono juu.
Wa kwanza kuunyoosha alikuwa Obdulia.
"Nina miaka themanini na mmoja," alisema.
"Mgongo wangu umeshalipa."
Hakuna aliyemlaumu. Mkono wangu
ulibaki chini ya dawati, ukikwaruza jina la mtu.

Kesho yake tulimpakia Delmiro kwenye toroli,
mto chini, blanketi juu, akitukana kila jiwe.
Yeye anaonyesha kwa fimbo, mimi ninapaka rangi nyekundu:
hapa. Hapa. Si hapo, kipofu wewe, hapa.
Alama mia moja na sita.
Karibu na ile ya themanini ardhi ilikuwa laini.
Tulichimba, tukakuta mizizi ya mkalitusi
imejipenyeza ndani ya bomba, mnene kama mkia wa farasi,
imekunywa kiangazi kizima
bila kutoa hata siku moja ya jembe.
Delmiro alicheka mpaka nyonga ikamkataza.

"Mizunguko saba," aliniambia kwenye koki.
"Si minane. Wa nane unamkatia Obdulia."
Nilihesabu kwa sauti, kama mtoto.

Usiku bomba la Obdulia lilikohoa,
likatema hewa, likatema kutu,
kisha likanyamaza, tukadhani basi.
Kisha yakaja.
Alikinga kikombe, akaonja, akakunja uso.
"Yana ladha ya mizizi."
Akanywa yote.

Karatasi ya Xián bado iko juu ya friji yake,
imebanwa kwa sumaku ya umbo la jogoo.
Kikao kingine ni baada ya kuvuna zabibu.
Sijui nitanyoosha nini.
Ufunguo uko nyuma ya mlango wangu,
kwa muda, asema Delmiro, kwa muda tu,
na kila alfajiri, kabla sijachemsha kahawa,
ninapanda na tochi hadi kwenye alama ya kwanza.